Namna ya kuandika kata ya karate mtu akaifuata bila wewe kuwepo

Kata ni mfululizo wa miondoko ya karate iliyopangwa tayari. Dojoni, yaani ukumbi wa mazoezi, sensei (mwalimu) anasema "geuka hivi" na mwili wake unamaliza maelezo. Kwenye maandishi huna mwili wa kuonyesha. Huu ndio utaratibu ninaoufuata, na mfano ni Heian Shodan ya Shotokan, mmoja wa mitindo ya karate; ni kata ambayo wengi wa mkanda mweupe, yaani wanaoanza, huanza nayo.

1. Chukua kipande. Kata hii ina miondoko 21. Usiibebe yote kwa mkupuo. Andika wa 1 hadi wa 9, pale kwenye kiai (ukelele wa nguvu) ya kwanza, upumzike.

2. Weka dira. Kulia na kushoto hubadilika kila mtu akigeuka. Mwambie msomaji asimame akitazama kaskazini, hata kama ni kaskazini ya kubuni, halafu kila mwondoko utajie unakoelekea. "Kulia" na "kushoto" viachie mikono na miguu tu.

3. Anzia chini. Mguu kwanza, nyonga, kisha mkono na usawa wake. Anayeanza kuandika hukimbilia ngumi kwa sababu ndiyo inayoonekana, na msomaji anabaki na ngumi nzuri juu ya miguu isiyojulikana iko wapi. Maneno kama "kwa kasi ya ajabu" yafute yote. Hayamwambii mtu aweke kisigino wapi.

4. Kwenye kugeuka, usiwe na haraka. Hapa ndipo maandishi mengi yanapokwama. Mwondoko wa 3 ninauandika hivi:

"Unatazama magharibi, mguu wa kulia uko mbele, ngumi ya kulia imenyooka. Hamishia uzito mguu wa kushoto. Vuta mguu wa kulia, geuka kupitia kaskazini hadi utazame mashariki, uutue mbele na ukunje goti lake. Mkono wa kulia ushuke kutoka sikio la kushoto hadi juu ya goti la kulia. Ngumi ya kushoto irudi nyongani."

Bado kuna kitu kimepungua: upana. Kabla ya kugeuka, mguu wa kulia ulikuwa upande wa kaskazini wa ule wa kushoto. Ukishageuka lazima uwe upande wa kusini. Usipolisema hilo, msomaji ataurudisha kwenye mstari uleule na kusimama kama yuko juu ya kamba, ukimgusa bega anayumba. Ongeza sentensi hiyo hata kama aya itarefuka.

5. Mpe asiyeijua kata. Msomee kwa sauti, naye afanye. Wewe funga mdomo na usinyooshe kidole. Anaposita, weka alama pembeni ya sentensi hiyo, uiandike upya.

6. Taja mtindo wako juu kabisa. Heian Shodan ni moja ya kundi la kata za Heian. Kata hizi, kwa jina la awali la Pinan, zinatokana na mwalimu wa karate Itosu Anko wa Okinawa, mwanzoni mwa karne ya 20. Funakoshi Gichin, mwanzilishi wa Shotokan, aliyehamia Tokyo mwaka 1922 na kuandika vitabu huku akifundisha, aliziita Heian na kubadilisha nafasi za mbili za mwanzo, Shodan (ya kwanza) na Nidan (ya pili). Kwa hiyo Heian Shodan ya Shotokan ndiyo Pinan Nidan ya mitindo mingine, Wado-ryu na Shito-ryu. Ukikaa kimya, mtu wa Wado-ryu ataanza na Pinan Shodan yake, akute kata nyingine kabisa.