Ukiwa unajaza mwili, pima na kiuno

Msimu wa mashindano ukiisha, wanyanyua vyuma wengi hula kila kinachopita mbele yao, eti wanajaza mwili. Kinachojaa zaidi ni kitambi. Misuli haiharakishwi na sahani ya pili ya pilau. Ziada ya kalori 250 hadi 300 kwa siku, juu ya zile mwili unazotumia, inatosha, na hiyo ni ndogo kuliko unavyodhani: vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya kupikia tu ni kama 240. Ndiyo maana chapati za mafuta nazihesabu, wali mkavu siuogopi.

Jipime uzito kila asubuhi ukitoka chooni, kabla ya chai, kisha tafuta wastani wa wiki. Mtu wa kilo 80 akiongeza gramu 200 hadi 400 kwa wiki yuko sawa. Halafu chukua futikamba ya fundi cherehani, ipitishe kitovuni kila Jumapili bila kuvuta tumbo ndani (hapo ndipo wengi tunajidanganya). Kiuno kikiongezeka sentimita mbili ndani ya mwezi, huku uzito unaobeba kwenye skwoti (kuchuchumaa na kuinuka na chuma mabegani) haujasogea, punguza mafuta na soda kwanza. Mayai, maharage na dagaa endelea navyo kama kawaida.