Kupanga Nyumba kwa Vitenzi vya Kiingereza vya Maneno Mawili

Mwanafunzi wa Kiingereza aliyeko Tanga hana haja ya kutafuta mbali mifano ya vitenzi vya maneno mawili au matatu. Aanze na stoo ya nyumbani Ngamiani, siku zile za kukaribia Idi ambapo kila kitu hutolewa uani. Kuitoa stoo vitu visivyohitajika ni "clear out". Kuchambua vya kubaki na vya kuondoka ni "sort out", kitenzi ambacho pia humaanisha kutatua tatizo. Sufuria iliyotoboka tunaitupa, "throw away". Kanzu inayombana mtoto tunaigawa, "give away". Na vyombo vilivyokauka tunavirudisha kabatini, "put away". Usichanganye na "put off", ambayo ni kuahirisha, na ndiyo inayotufaa wengi wetu stoo inapotajwa.

Penye ugumu hasa ni mahali pa kuweka kiwakilishi. Nomino yaweza kukaa katikati au mwishoni, kwa hiyo "throw away the box" na "throw the box away" zote ni sahihi. Lakini kiwakilishi sharti kikae katikati, "throw it away", wala haisemwi "throw away it". Msemaji wa Kiswahili asishangae, kwani katika "nimelitupa" kiambishi cha boksi nacho kimo ndani ya kitenzi. "Cut down on", yaani kupunguza matumizi, haigawanyiki hivyo: husemwa "cut down on it". Tunga sentensi tano kuhusu kabati lako mwenyewe, kisha ubadilishe kila nomino iwe kiwakilishi.