Kukausha maembe kwa jua

Chagua embe lililoiva lakini bado gumu kidogo. Lililolainika hunata kwenye wavu. Menya, kata vipande vya milimita 5 hadi 6, vyote sawa: kinene hubaki kibichi katikati, na ukungu huanzia hapo. Vichovye dakika 10 kwenye maji ya limau visigeuke kahawia.

Vipange bila kugusana juu ya wavu wa plastiki (wa chuma hushika kutu), mita 1 kutoka ardhini. Funika kwa chandarua kisichotiwa dawa, tafadhali sana. Geuza mchana, jioni ingiza ndani, umande usivirudishie unyevu.

Baada ya siku 2 hadi 4 za jua kali, kipande kikipinda bila kutoa maji, kimekauka. Vipoe kabla ya kuvifungia kwenye chupa. Matone yakionekana ndani ya chupa, virudishe juani siku hiyohiyo.