Namna ya Kumkaribia Mungu Aliye Mtakatifu

Neno letu "takatifu" limetokana na kitenzi "kutakata", yaani kuwa safi, na kwa sababu hiyo wengi wetu tunaposikia kwamba Mungu ni mtakatifu hufikiria kwanza usafi usio na doa. Hilo ni kweli, lakini neno la Kiebrania lililotafsiriwa hivyo lina pia maana ya kutengwa kando na kila kilicho cha kawaida. Ndiyo maana Isaya, katika mwaka aliokufa mfalme Uzia, aliwaona maserafi, viumbe wa mbinguni, wakifunika nyuso zao kwa mabawa, ingawa hakuna mahali tunaposoma kwamba wao walitenda dhambi.

Anayetaka kumkaribia Mungu wa namna hiyo aanze kwa kunyamaza. Kwetu mtu haingii nyumbani kwa mwenziwe pasipo kupiga hodi na kungoja kukaribishwa, lakini katika maombi mara nyingi tunaingia huku tumekwisha kuanza kutaja haja zetu. Kitabu cha Mhubiri kinatuonya kwamba Mungu yuko mbinguni nasi tuko chini, kwa hiyo maneno yetu na yawe machache. Weka simu mbali, tulia dakika chache, kisha soma polepole Isaya 6 au Zaburi ya 99, ambayo inarudia mara tatu kwamba Yeye ni mtakatifu. Kupiga magoti, au kuvua viatu kama Musa alivyoamriwa penye kijiti kilichowaka moto, kunausaidia mwili kukumbuka uko mbele ya nani, ila si sharti.

Linalofuata ni kuijua njia unayoingilia, na hapa ndipo wengi wetu hukosea. Katika hema ya kukutania, kuhani mkuu peke yake ndiye aliyepita nyuma ya pazia, tena katika siku moja tu ya mwaka, wala si bila damu. Na Nadabu na Abihu, wana wa Haruni, walikufa kwa kuleta moto ambao hawakuagizwa. Mathayo anaandika kwamba Yesu alipokata roho, pazia la hekalu lilipasuka toka juu hata chini, na Waraka kwa Waebrania unasema kwamba sasa tunao ujasiri wa kuingia kwa damu yake. Basi jichunguze: ukiona kwamba unaomba kwa uhuru katika juma ulilofunga na kutoa sadaka, lakini unajificha katika juma ulilojikwaa, ujue umeacha kuitegemea damu hiyo na kuanza kutegemea mwenendo wako. Wala ujasiri huo usiugeuze kuwa mazoea, kwa maana waraka uleule unaotuita kwenye kiti cha neema ndio unaosema kwamba Mungu wetu ni moto ulao. Bwana mwenyewe alitufundisha kushika yote mawili katika sentensi moja, tunapomwita Baba na papo hapo kuomba jina lake litukuzwe.

Kisha ungama, nawe uitaje dhambi kwa jina lake. Kusema "nisamehe yote niliyokukosea" ni rahisi, kwa sababu hakugusi kitu. Isaya alitaja midomo yake michafu, na kaa la moto likaguswa kwenye midomo hiyohiyo. Kama umemkosea mtu, iache sadaka yako mbele ya madhabahu, ukapatane naye kwanza. Ndugu wa Uamsho, ule ulioenea Afrika Mashariki kutoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, walijulikana kwa kurudisha vitu walivyoiba. Wapo waliowaona wamezidi kiasi, lakini mimi naona walilichukua agizo hilo jinsi lilivyoandikwa.

Utaratibu huu unafaa zaidi ya popote kabla ya meza ya Bwana. Wapo waumini wanaojihoji, wakaona uchafu wao, wakabaki kwenye benchi wenzao wanaposogea mbele. Huenda kuna jambo wanalopaswa kulitengeneza kwanza, nao walitengeneze bila kukawia. Lakini wasome tena alichowaandikia Paulo Wakorintho, kwamba mtu ajihoji mwenyewe, na hivyo aule mkate na kukinywea kikombe.