Jinsi ya kumfuatilia jamaa aliyeruka na RAF (Jeshi la Anga la Uingereza) akatekwa na Wajerumani katika Vita vya Pili vya Dunia

Kabla ya kufungua jalada lolote, tafuta vitu vitatu: jina kamili, namba ya kijeshi, na tarehe ambayo ndege haikurudi. Bila namba utazama katika majina yanayofanana. Angalia pia kama jamaa yako alipandishwa kutoka sajenti kuwa afisa, kwa sababu afisa alipewa namba mpya kabisa. Wengi hutafuta kwa namba moja tu, wakakata tamaa wakidhani rekodi zimepotea. Faharasa ya AIR 78 katika Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, husaidia kuoanisha jina na namba. (AIR na WO, hapa na chini, ni namba za mafungu ya majalada huko.)

1. Maliza ya nyumbani kwanza. Barua zenye chapa ya Kriegsgefangenenpost (posta ya mateka wa vita) zina habari muhimu upande wa mtumaji: jina la kambi na namba ya mateka. Zipange kwa tarehe, nawe utaona alivyohamishwa. Kibati cha utambulisho alichopewa kambini kisomwe kwa tahadhari. Namba ilitolewa kambi ya kwanza kumsajili, na mateka aliendelea kuitumia hata alipohamia kwingine. Kibati cha Stalag Luft III, kambi ya wanaanga mateka, si ushahidi kwamba alikombolewa hapo.

2. Omba rekodi ya utumishi. Rekodi hizi zimekuwa zikihamishwa kwa mafungu kutoka Wizara ya Ulinzi kwenda Nyaraka za Taifa, hivyo soma tovuti ya serikali ujue ombi liende wapi kabla ya kulipa. Andaa cheti cha kifo. Utakachopata ni mistari mifupi ya vifupisho na tarehe: amehamia wapi, lini, kwa cheo gani.

3. Nenda kwenye kitabu cha skwadroni, AIR 27. Fomu 540 ina muhtasari wa siku. Fomu 541 ndiyo unayoihitaji: namba ya ndege, majina ya wafanyakazi wake wote, saa ya kuruka na saa ya kutua. Kwa ndege iliyopotea, nafasi ya kutua huwa tupu. Kosa la kawaida hapa ni tarehe. Ndege iliyoruka saa nne usiku huenda iliangushwa baada ya saa sita usiku, kwa hiyo karatasi moja itaandika tarehe ya kuondoka na nyingine ya siku iliyofuata. Tafuta siku zote mbili. Nakili majina ya wenzake wote, kwani rekodi ya mmoja wao inaweza kueleza ndege ilivyoanguka pale ambapo ya jamaa yako iko kimya. Majalada ya ajali na vifo, AIR 81, yanafunguliwa kidogo kidogo kwa kufuata tarehe. Yakiwa tayari kwa mwezi wako, humo mna simu za maandishi na barua zilizotumwa kwa familia.

4. Utekaji wenyewe. Wanaanga wengi walipitia Dulag Luft huko Oberursel, karibu na Frankfurt, kwa mahojiano, kisha wakasambazwa. Tafuta vitu viwili. WO 416 ni kadi za Wajerumani, nyingine zikiwa na picha na alama za vidole. Mkusanyiko haujakamilika, kwa hiyo kukosa kadi hakumaanishi kwamba hakutekwa. WO 344 ni hojaji walizojaza mateka baada ya kukombolewa, zimepangwa kialfabeti: kambi, tarehe, majaribio ya kutoroka. Si kila mtu alijaza. Kama alijificha na kufika salama bila kukamatwa, ripoti yake itakuwa katika WO 208.

Usishtuke vyeo vikitofautiana. Masajenti waliendelea kupandishwa wakiwa kambini, na kadi ya Wajerumani huenda ikawa na cheo cha siku ya kukamatwa.

5. Miezi ya mwisho. Hapa ndipo familia nyingi hukosea. Sagan, ilipokuwa Stalag Luft III, ilihamishwa kwa miguu usiku wa tarehe 27 kuingia 28 Januari 1945 katika theluji; Waingereza wengi waliishia kambi za Luckenwalde au Marlag und Milag Nord. Kambi nyingine ya wanaanga, Heydekrug, ilikuwa imehamishwa tangu Julai 1944. Fuata safari ya kambi yake, si jina lililo kwenye barua ya mwisho. Kisha rudi kwenye rekodi ya utumishi utafute “106 PRC”, kituo cha mapokezi cha Cosford: tarehe iliyo kando yake inakuonyesha lini alikuwa tena mikononi mwa RAF nchini Uingereza.