Kulinda mafaili ya mtandaoni intaneti inapokatika

Kwa kuwa Uganda haina pwani, intaneti yetu hutegemea sana nyaya za baharini zinazotua Mombasa na Dar es Salaam, na nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika Mei 2024, huduma ilizorota hadi huku kwetu. Kwa hiyo, weka nakala ya mafaili ya kila siku kwenye diski iliyo ofisini, yenye betri ya akiba, ili umeme ukizimika katikati ya kunakili faili lisiharibike. Kila mwezi, na hili nalisisitiza, rejesha faili moja kutoka kwenye nakala hiyo, ulifungue na ulisome hadi mwisho. Huduma ikirudi, pakia kwanza nyaraka zinazosubiriwa. Video ziache hadi usiku.