Somo: Mtoto ameambiwa ana Crohn au kolaitisi, tiba unaianzia wapi?

Wangu alianza kuharisha damu akiwa na miaka mitatu na nusu. Miezi minane tulitibu ameba. Metronidazo chupa baada ya chupa, dawa za minyoo, na bibi yake upande wa baba akashikilia kwamba ni mchango, akaleta mizizi ya kuchemsha. Siku bingwa wa watoto alipofungua kadi ya kliniki na kuona mstari wa uzito umelala tangu mwaka uliopita, ndipo safari ilipoanza kweli. Mimi si daktari, ni mama niliyejifunza kwa kukaa kwenye mabenchi ya hospitali hapa Dar.

Kwanza tuelewane. Crohn inaweza kushika popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa. Kolaitisi ya vidonda hukaa kwenye utumbo mpana. Kote kuwili kinga ya mwili inaushambulia utumbo, ukuta wake unavimba na kuchubuka. Si kansa, si kulogwa, na mtoto hamwambukizi mwenzake.

Hatua ya 1: Hakikisha ugonjwa ni huo

Msiruke hapa hata kama mmechoka. TB ya utumbo inafanana na Crohn kiasi cha kuwachanganya hata mabingwa wanaotazama ndani ya utumbo kwa kamera. Ukimpa mtoto mwenye TB dawa za kushusha kinga, umeifungulia mlango. Kwa hiyo kabla ya yote: choo kipimwe ameba, giadia, kichocho na bakteria, apimwe virusi vya UKIMWI, apigwe picha ya kifua. Kisha kamera ya juu (kupitia mdomoni) na ya chini (kupitia njia ya haja kubwa), kwa nusukaputi, na vinyama, yaani vipande vidogo vya ukuta wa utumbo, vichukuliwe sehemu kadhaa, hata zinazoonekana nzima. Omba kinyama kimoja kiende kwenye kipimo cha TB cha GeneXpert. Sisi hatukuomba, ikabidi mtoto arudishwe usingizini mara ya pili.

Mtaambiwa pia kalprotektini, kipimo cha choo. Kinaonyesha kwamba kuna uvimbe utumboni, hakisemi umesababishwa na nini, kwani hata maambukizi ya kawaida hukipandisha. Na watoto wa chini ya miaka minne huwa nacho juu hata wakiwa wazima, kwa hiyo msizimie kwa namba moja.

Hatua ya 2: Faili lako mwenyewe

Nunua faili gumu. Nakala za kila jibu, ripoti ya kamera pamoja na picha zake, kadi ya kliniki, na karatasi moja yenye kila dawa aliyotumia: dozi, tarehe, uzito wake siku hiyo, ilisaidia au haikusaidia. Muhimu kuliko vyote, uliza maabara namna ya kupata vile vipande vya nta vilivyobeba vinyama, maana hospitali nyingine inaweza kuvisoma upya bila kumlaza tena mtoto. Watu wanafika India na ripoti ya mistari mitatu, wanaanza moja.

Hatua ya 3: Daktari

Omba rufaa. Kwetu ni Muhimbili, KCMC Moshi, Bugando Mwanza. Wengine huvuka kwenda Nairobi. Bingwa wa mfumo wa chakula aliyesomea watoto ni adimu. Bingwa wa watoto na bingwa wa tumbo wa watu wazima wakikubali kushirikiana, hilo linatosha kuanzia. Muulizeni kama wana kamera nyembamba ya watoto, mpango wa kuutuliza ugonjwa ni upi na wa kudumisha utulivu huo ni upi, na tutajua lini kwamba dawa imeshindwa. Hilo la mwisho ndilo linalookoa muda.

Hatua ya 4: Zijue dawa kabla hujaandikiwa

Kwa Crohn ya watoto, tiba ya kwanza mara nyingi ni maziwa maalumu yenye lishe kamili, peke yake, bila chakula kingine, wiki 6 hadi 8. Yanatuliza karibu sawa na steroidi (dawa za kushusha uvimbe kama prednisoloni) na hayadumazi. Kwa kolaitisi hayafanyi kazi hiyo. Huko huanza na mesalazini au sulfasalazini. Steroidi ni za kuzima moto tu. Azathioprini, dawa ya kushusha kinga, ni ya kudumisha, inachukua miezi miwili mitatu kuonyesha kazi, na damu lazima ipimwe mara kwa mara.

Infliksimabu, nayo dawa ya kushusha kinga, ni dripu: ya kwanza, ya pili baada ya wiki 2, ya tatu wiki ya 6, halafu kila wiki 8. Chupa ina miligramu 100. Kwa kipimo cha miligramu 5 kwa kilo, mtoto wa kilo 15 anahitaji 75, yaani chupa moja, ingawa wadogo mara nyingi huhitaji zaidi. Piga hesabu ya mwaka mzima kabla ya dripu ya kwanza, kwa sababu kuanza na kukatisha kunaweza kuufanya mwili uikatae dawa. Ulizia aina za bei nafuu zinazofanana nayo, na upate jibu la bima kwa maandishi. La mdomo si jibu.

MASWALI

Kutoka Tanga: Dada, maziwa tu wiki sita kwa mtoto wa miaka mitano? Uji wa lishe hauwezi kushika nafasi yake?

Uji hauwezi, dada yangu, hata uwe na karanga na dagaa. Siku nne za kwanza ni kilio. Sisi tulihamisha sahani za nyumba nzima tukala jikoni kwa zamu. Akikataa kabisa, daktari anaweza kuyapitisha kwa mpira wa puani. Kuna pia mpango wa nusu maziwa na nusu vyakula vilivyochaguliwa (kuku, mayai, viazi, ndizi, wali, bila ngano wala vya kopo), lakini usiupange mwenyewe, tafuta mtaalamu wa lishe.

Kutoka Muscat: Asalaam aleikum. Mwanangu alianza na miezi minne, ana vidonda vya njia ya haja. Mimi na baba yake ni watoto wa ndugu wawili. Daktari anataka kipimo cha vinasaba, wakubwa wa familia wanaona ni kutafutiwa aibu.

Waleikum salaam. Kipimo kifanyike, tena upesi. Ugonjwa ukianza mapema hivyo, huenda ni kasoro ya jini moja, kama ile ya kipokezi cha IL-10 (kijumbe cha mwili kinachotuliza uvimbe) iliyoelezwa mwaka 2009. Hapo dawa nilizotaja kwa kawaida hugonga mwamba, na upandikizaji wa uboho unaweza kumponya. Waambie wakubwa kwamba mzazi anaweza kubeba jini kama hiyo bila kuugua, na kwamba mkiwa wote wawili mnaibeba, mimba inayofuata ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mgonjwa. Ni vizuri kujua mapema.

Kutoka Mbeya: Shikamoo mama. Prednisoloni imekausha damu siku tano tu. Kwa nini nisiendelee nayo kidogo kidogo?

Marahaba mwanangu. Kwa sababu haidumishi, na urefu unaoibwa miaka hii haurudi kirahisi. Ila usiiache ghafla hata siku moja. Ishushwe taratibu na daktari. Na mtoto akilalamika maumivu, parasetamoli, si diklofenaki wala ibuprofeni.

Kutoka Mombasa: Wako yuatumia nini sasa? Na chanjo je?

Infliksimabu, baada ya azathioprini kumshinda. Chanjo ya pili ya surua-rubela tulikuwa tumeikosa. Daktari aliona kwenye kadi, akachanjwa, tukasubiri wiki kadhaa kabla ya kuanza dawa yoyote ya kushusha kinga. Ukishaanza, chanjo hai zinasimama. Jumatatu alipimwa kilo 17 na nusu, na ameanza kuvaa viatu vya namba mpya.